Rangi ya Kiluwiluwi

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimetoka kazini shifti ya asubuhi, natembea nusu na kukimbia nusu kuelekea Langas, kwa sababu chumbani mwangu kulikuwa na mkebe wa uji wa plastiki ukiningoja, na moyo ulikuwa umeshafika kabla ya miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa mwepesi, usiniangalie hivi nilivyo leo na goti langu la kufungwa kitambaa. Jioni hiyo nilifanya kosa ambalo karibu liwanyang'anye watu sita bwawa lao. Nakwambia leo kwa sababu nimekuona wewe na wenzako hapa mtaani West Indies mkiyeyusha vyambo vya plastiki nyuma ya nyumba na kuvipiga picha kwa simu kabla hata havijapoa. Nafurahi sana kuwaona. Harufu ile ikinifikia dirishani, mikono inaniwasha. Basi kaa nami kidogo.

Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Kimilili kutafuta kazi, nikaandikwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha rangi. Kazi yangu ilikuwa kupima unga wa rangi, halafu kulinganisha kitambaa kilichotoka kwenye pipa na kipande cha mfano. Mungu alinipa jicho. Nyekundu mbili ambazo wengine waliziona ni moja, mimi niliziona kama watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Wakubwa wa kiwanda wakawa wananiita nikitokea ubishi wa rangi. Nikasifiwa. Na sifa kwa kijana, mwanangu, ni kama pombe ya busaa kwa tumbo tupu.

Msimamizi wetu aliitwa Mzee Oduor. Alikuwa mtu wa ufukoni mwa ziwa, mjane, amebakiza miaka michache astaafu, mpole, mwenye kucha ambazo rangi ya buluu ilikuwa imezihamia na kukataa kutoka. Alizaliwa mahali ambapo ukifungua mlango unaona maji. Huku kwetu kwenye mahindi na ngano na baridi alikuwa kama mtu aliyeanikwa. Lakini kila Jumamosi aliamka mtu mwingine. Yeye na wenzake wanne wa kiwandani walikuwa wanapanda gari la maziwa mpaka Chepsaita, kwenye bwawa la mkulima mmoja aitwaye Mzee Sitienei, wakavue besi.

Besi unamjua. Ni yule samaki mwenye mdomo mpana kama mfuko wa koti, ambaye masetla, wale walowezi wa Kizungu, walimtia kwenye mabwawa ya mashamba zamani za kale. Ni mkali na ni mjanja. Wavu haukufaa katika bwawa lile, kwa maana chini kulijaa visiki vya miti na kila wavu uliorarukia pale ulibaki pale. Ukimwekea mnyoo wa kweli, ngege wadogo wanaudokoa kabla besi hajausikia. Ndiyo maana Mzee Oduor alijifunza kutengeneza vyambo vya plastiki laini. Mimi aliponionyesha kimoja saa ya chai, chenye mkia unaotetema ukikigusa tu, nilijua hiyo Jumamosi siendi kufua nguo. Nikawa mtu wa sita.

Alinifundisha kila kitu. Mfano wa chambo alichonga kwa mti mlaini, akaubana kwenye plasta ile nyeupe wanayofungia mifupa, ikikauka una kalibu yenye matundu manane. Uji wa plastiki tulinunua kwa mkebe katika duka la vifaa vya washona viatu. Ni mweupe kama maziwa. Ukiuweka kwenye sufuria juu ya makaa na kukoroga polepole, unaanza kuwa mzito kama ugali hata unadhani umeuharibu, halafu ghafla unalegea, unakuwa mwangavu kama asali. Ah, mwanangu, kile kipindi cha kulegea. Nimezaa watoto wanne na bado nakihesabu kile kipindi miongoni mwa vitu vizuri nilivyoona. Hapo ndipo unatia rangi: unga mkavu, ule wa sakafu au wa kuchanganyia rangi za nyumba, kiasi cha ncha ya kijiti cha kiberiti. Unga mkavu tu. Mzee alikuwa akisema maji na plastiki ya moto ni wake wenza, usiwaweke sufuria moja, tone moja tu na plastiki inakurukia usoni. Na kazi ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, maana ule moshi si wa kuvuta.

Yeye alikuwa anatengeneza rangi moja tu. Alichota kiluwiluwi kutoka bwawani, mtoto wa chura yule mwenye mkia, akamtia kwenye chupa ya maji, akamweka mezani, na akatengeneza chambo cha rangi ileile: kahawia ya matope yenye ukijani kidogo kwa mbali. Nilikuwa namheshimu mno kusema neno, lakini ndani yangu nilikuwa nalia. Mtu mwenye chumba kizima cha rangi chini yake, na anachagua tope.

Basi mwaka huo, katika kiangazi cha Januari, Mzee Sitienei alituita. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, na ukimsikiliza ulikuwa unafikiri anayalipia. Akatuambia besi wamemaliza watoto wote wa ngege aliowatia bwawani, na wiki hiyo wamemeza vifaranga vyake vya bata akiwa amesimama anaangalia. Alikuwa ameamua kulifungua bwawa, maji yaende zake, apande kabichi. Mzee Oduor akamwomba. Sijawahi kumwona akiomba kitu kiwandani, hata ruhusa ya ugonjwa, lakini siku hiyo alivua kofia. Mwishoni Mzee Sitienei akasema atatupa Jumamosi moja. Tukimtolea besi wakubwa ishirini kabla jua halijatua, bwawa litabaki na tutavua tutakavyo. Wakipungua, Jumatatu anaita watu wa jembe.

Wiki hiyo kiwandani hatukuongea kingine. Na Mzee Oduor, kwa kuwa alipangiwa shifti mbili Ijumaa, akanipa mimi kazi ya vyambo. Akaniletea kalibu, akaniletea mkebe wa uji, wa mwisho uliokuwa dukani, na ile chupa yenye kiluwiluwi. Akaniambia nitengeneze arobaini, rangi ya huyu. Nikamwambia nimesikia.

Kweli nilisikia. Kusikia sikio linajua, tatizo ni kutii.

Ndiyo hiyo Ijumaa niliyokuwa nikikimbia. Nilikuwa nimenunua rangi za unga za kwangu mwenyewe: waridi, manjano, zambarau, kijani kibichi cha mahindi machanga. Nilikuwa na vumbi la kumetameta nililolikwangua kutoka kadi za Krismasi. Niliweka jiko uani, nikakoroga, na uji ulipolegea nikajiambia nitengeneze vinane tu vya rangi yangu, nione. Nikamimina. Vilipopoa nikavibandua kwenye kalibu, na mwanangu, vilikuwa vizuri kiasi kwamba majirani walitoka kutazama. Waridi mgongoni, manjano tumboni, vinametameta vikigeuka. Mama mmoja alifikiri ni herini. Nikasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nani atakataa hivi? Nikamimina vinane vingine. Nikamimina mpaka mkebe ukaisha. Kiluwiluwi alikuwa kwenye chupa yake akizunguka, hata sikumtazama.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa bwawani. Hakuna upepo, mbingu safi, na maji ya kiangazi yalikuwa angavu hata unaviona visiki chini na majani yaliyovilalia. Nilifungua sanduku langu kama bibi harusi anavyofunua shela. Wale wenzetu wanne wakapiga mbinja. Mmoja alisema hivi hata yeye mwenyewe angevimeza. Nilimtazama Mzee Oduor nikingojea sifa yangu. Aliokota kimoja, akakigeuza juani, akakirudisha taratibu. Akatoa kofia yake, na ndani ya utepe alikuwa amechomeka kile chambo chake cha zamani cha rangi ya tope, kilichobaki kimoja. Akakifunga kwenye ndoana.

Mzee huyo, kwa kile kimoja, alitoa besi watatu kabla ya saa tatu. Sisi watano hatukupata hata mmoja. Na kilichoniuma si kukosa, ni kwamba nilikuwa nawaona. Maji yalikuwa angavu kiasi hicho. Unarusha, chambo kinazama kikimetameta kando ya kisiki, na kivuli kikubwa kinatoka polepole, kinakikaribia mpaka ukaribu wa kiganja, kinasimama. Moyo unapiga. Halafu kivuli kinageuka, kinarudi zake chini ya kisiki. Mara kumi, mara ishirini. Walikuwa wanakuja kutazama tu, kama watu wanaopita mbele ya dirisha la duka.

Saa nne, besi wa nne akamkatia Mzee Oduor mshipi kwenye kisiki na kuondoka na kile chambo cha tope. Ikawa hatuna kingine ila yale maua yangu ya plastiki.

Saa sita Mzee Sitienei akashuka kutoka bomani. Alihesabu samaki ndani ya gunia letu kwa macho, kazi hiyo haikumchukua muda. Akauliza kuna nini. Nilihisi damu inanipanda masikioni. Mzee Oduor, bila kunitazama, akamwambia jua ni kali mno na samaki wamejificha, labda mchana watatoka. Mzee Sitienei akatazama jua, akatazama bwawa, akarudi juu.

Alipoondoka, Mzee Oduor aliniita tukatembea kando ya maji mpaka mahali wenzetu hawatusikii. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Ningeupenda ukali, maana ukali una mwisho. Yeye alikaa kwenye jiwe, akaniambia nikae.

"Nyathina," akasema, na hilo kwa Kijaluo ni mtoto wangu, "hizi rangi ulitengenezea nani?"

Nikasema nilitengenezea samaki.

"Hapana. Samaki hajakupigia makofi hata siku moja. Sema vizuri."

Nikaona mbele yangu wale majirani wa uani, na yule mama wa herini, na wale wenzetu wakipiga mbinja, na nikijiona mimi mwenyewe katikati yao. Nikasema, kwa sauti ndogo sana, nilitengenezea watu.

"Sasa unaona," akasema. "Kuvua watu ni kazi ya wahubiri, na wao wana baraka yake. Sisi leo tulikuja kuvua samaki. Jicho lako ni zuri kuliko langu, Nafula. Lakini umelitumia kujitazama."

Ndiyo hayo tu. Hakuniambia kuhusu bwawa, hakuniambia kuhusu kabichi. Lakini nilimwona akigeuza macho kwenye maji, namna mtu anavyotazama nyumba ambayo anahama kesho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa nimeusoma ule msemo shuleni na kuufanyia mtihani, na sikuuelewa mpaka siku hiyo.

Nikaanza kulia, na katikati ya kulia, kichwa kikafanya kazi. Hapa ndipo mpaka leo damu inanichemka nikisimulia. Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha rangi. Kila siku nilikuwa naosha vijiko vya waridi na vya manjano na vya zambarau na vya kijani kwenye ndoo moja, na kila siku maji ya ile ndoo yalikuwa ya rangi gani? Tope! Kahawia ya matope yenye ukijani. Nikasimama ghafla hata Mzee akashtuka. Nikamwambia plastiki hii inayeyuka tena, na kalibu ninayo ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeibeba nijivunie nayo, lakini hilo sikumwambia. Nikamwambia tukiyeyusha zote pamoja tutapata rangi yake.

Alinitazama. Halafu, polepole, kicheko kikamjia usoni kama jua linavyopanda ukutani. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, twende.

Nikapanda mbio mpaka bomani. Mke wa Mzee Sitienei, mama mnene mchangamfu, alikuwa anakamua ng'ombe wa mchana. Nilimweleza nikihema. Akanipa jiko na makaa, na sufuria moja nyeusi, akaniambia ni ya kupikia chakula cha kuku na sufuria ikishaonja plastiki nisimrudishie, kuku wake hawali viatu. Nikamshukuru nikiwa nimeshageuka.

Wenzetu walipoona naingia na jiko, na wakasikia nataka kuyeyusha maua yote, mmoja akanishika mkono akaniuliza kama nina wazimu. Wengine wakasema tuendelee tu kurusha, huenda bahati ikabadilika. Mzee Oduor akawaambia wakusanye kila chambo, hata vilivyo kwenye ndoana.

Nilikuwa na haraka, mwanangu. Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Nilichukua konzi ya vyambo na nilikuwa nakaribia kuvitupa kwenye sufuria ya moto, na Mzee akanidaka kiwiko. Vilikuwa vimelowa. Vimetoka bwawani, vyote vina maji, na hata kalibu ilikuwa na unyevu, kwa sababu mkoba nilikuwa nimeuweka kwenye nyasi zenye umande. Ningevitupa, sijui leo ningekuwa nakutazama kwa macho gani. Akanikumbusha wale wake wenza wake. Tukatandaza gunia juani, tukafuta kimoja kimoja kwa shati lake, tukavianika, na kalibu tukaikausha kando ya jiko, tukiigeuza kama mkate. Kuvingojea vikauke ilikuwa adhabu. Nilikaa nimekunja mikono kwapani ili isiguse kitu. Wenzetu wanatazama jua, mimi natazama matone. Lakini haraka yangu ilikuwa imeshatuletea hasara mara moja, na mtu mzima hajikwai kwenye jiwe lilelile.

Vilipokauka nikavitia. Waridi ikayeyuka kwanza, ikazunguka na manjano, kwa dakika moja sufuria ikawa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, mistari ya rangi ikikimbizana kama khanga zinazoanikwa kwenye upepo. Kisha zambarau ikaingia, kijani kikaingia, nikaendelea kukoroga, na uzuri wote ukazama mbele ya macho yangu. Kahawia. Tope. Ukijani kwa mbali. Na lile vumbi la kumetameta likabaki madoa madogo ndani yake, kama mchanga ndani ya maji. Mzee Oduor akachovya kijiti, akakiinua juani. Akasema kwa upole kwamba hii ni nzuri kuliko yake.

Mwanangu, nimepewa cheti kiwandani na kupigiwa makofi kanisani, lakini sijawahi kusifiwa namna hiyo tena.

Tukamimina kalibu ya kwanza, vinane. Havijapoa vizuri wenzetu wakavinyakua. Nilikuwa bado namimina ya pili niliposikia maji yanapasuka na mtu anaita jina la mama yake. Besi wa kwanza wa mchana alikuwa amekuja kama jiwe. Akafuata mwingine. Nikamimina kalibu ya tatu nikiangalia nyuma, nikajimwagia kidogo kwenye ukucha, alama hii hapa, sikusikia maumivu mpaka kesho yake. Halafu Mzee Oduor akanipa fimbo yake mwenyewe ya kuvulia na kuniambia sufuria ameishika yeye, niende.

Nilirusha kando ya kisiki kilekile cha asubuhi. Chambo kikazama, hakimetameti, hakijigambi, kinatetema mkia kama kiumbe chenye shughuli zake. Kivuli kikatoka. Asubuhi kilikuwa kinakuja polepole, sasa hakikusimama hata kidogo. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Nilikimbia naye huku na huko kwenye tope nikiwa nimepoteza kiatu kimoja, wenzangu wakinielekeza kila mmoja lake, na nilipomtoa, mdomo wake ulikuwa unaweza kumeza ngumi yangu. Nilimkumbatia. Nilinuka samaki siku tatu na sikuona haya.

Ilikuwa hivyo mpaka jua likakaribia miti ya mkaratusi. Hakuna aliyekula, hakuna aliyekaa. Tulikuwa tunahesabu kwa sauti, kumi na moja, kumi na tatu, na kila namba ilikuwa kama hatua ya kuelekea nyumbani. Halafu jua likatua, na tulikuwa na kumi na nane.

Mzee Sitienei akashuka. Akawatoa samaki mmoja mmoja kwenye gunia na kuwapanga kwenye nyasi. Akasimama.

"Kumi na nane," akasema. "Mimi nilisema ishirini."

Mzee Oduor akavua kofia yake tena, kama siku ile ya kwanza, akaanza kusema kuhusu jua la asubuhi. Nikaona kwamba atanifunika mpaka mwisho, na kwamba bwawa litakwenda na kumwachia uongo, yeye ambaye sijamsikia akidanganya hata kwa kipimo cha rangi. Nikasonga mbele.

"Si jua, Mzee," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote. Ile chupa ya kiluwiluwi, maua, majirani, sufuria ya mke wake. Yeye alinisikiliza akiwa ameangalia samaki, si mimi. Nilipomaliza vyura walikuwa wameanza kuimba upande wa pili.

"Hizi za mchana ni ngapi?" akauliza.

Nikamwambia kumi na tano.

"Mlianza saa ngapi?"

Nikamwambia saa tisa.

Akainama, akamwinua yule mkubwa akimshika mdomo, akampima kwa mkono. "Masaa matatu, samaki kumi na tano," akasema. "Hiyo ni kazi. Asubuhi ile, mimi nilikuwa naona tu watu wanatembeza maua kwa maji yangu." Kisha akamgeukia Mzee Oduor. "Jumamosi mkuje tena. Maji ikae."

Mzee Oduor alivaa kofia yake kinyume. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu sote tulikuwa tunatazama pembeni ili asione tunavyojifuta macho.

Tukaenda Jumamosi hiyo, na nyingine nyingi. Kufikia mvua za masika watoto wa ngege walikuwa wameonekana kando ya majani, wadogo kama mbegu. Mzee Sitienei mwenyewe tulimfundisha kurusha, na akawa hatari kuliko sisi sote. Mzee Oduor alivua pale mpaka siku alipostaafu na kurudi kwao ziwani, na kule akafa mzee, mwaka niliojifungua kifungua mimba wangu. Nilikwenda kumzika. Nilikaa na binti zake usiku wa matanga, nikawaambia habari za Chepsaita, wakaniambia ndizo alizokuwa akiwasimulia wao pia, ila katika simulizi yake hakukuwa na kosa lolote la mtu. Kulikuwa tu na msichana mmoja wa kiwandani aliyeokoa bwawa.

Basi sikia ninalokuambia, mwanangu, na uwaambie wenzako. Sikukatazi rangi nzuri. Kuna siku maji ni machafu na waridi yako itapata samaki ambao tope langu halitawapata, na siku hiyo itie kwa mkono mkunjufu. Ninachokuuliza ni kile nilichoulizwa: hii unamtengenezea nani? Ukijenga nyumba, mjengee atakayelala ndani, si atakayepita barabarani. Ukipika, pikia mdomo wa mlaji. Ukifundisha, fundisha mtoto wa nyuma ya darasa, si mkaguzi aliyekaa mbele. Ukioa au kuolewa, usiwachagulie watu wa harusi, wao watakula na kwenda kwao. Hivyo vidole gumba vyenu vya kusifiana kwenye simu havina ubaya, lakini samaki hana simu.

Na ukikosea, maana utakosea, usikae ukiulilia mkebe ulioisha. Yeyusha ulichonacho. Yale uliyoyafanya kwa kiburi yanaweza bado kukufaa, ukikubali yapoteze urembo wake. Ila yakaushe kwanza. Usiweke majuto yako motoni yakiwa bado na machozi, yatakurukia. Na mtu akikuficha aibu yako kwa mgongo wake, usimwache abebe mpaka jioni. Toka mbele useme ni mimi. Miguu itatetemeka, iache itetemeke.

Nenda sasa, makaa yako yasizime. Mungu aliyekupa jicho akupe na moyo wa kulitumia kwa ajili ya wengine. Akupe wazee wa kukukemea kwa sauti ya chini, na masikio ya kuwasikia. Mikono yako isiungue, kazi yako imfikie uliyemtengenezea, na popote utakaposimama kando ya maji, mshipi wako usirudi mtupu.